Usingizi Uliotangulia Homa

Ilikuwa Jumanne, kipindi cha tatu, hisabati. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, mwezi wa tano, masika yanaelekea ukingoni na mbu wamejaa kila kona ya bweni. Sikuwa na homa. Kichwa hakikuuma. Nilichokuwa nacho ni usingizi tu, lakini wa aina ambayo sikuwahi kuionja: mzito, wa kuvuta chini, kope zimekuwa kama zimefungiwa mawe. Nilijifinya paja. Niliomba ruhusa nikanawe uso bombani. Niliporudi nikasinzia tena, paji likagonga dawati, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alinichapa fimbo nne za mkononi, akaniamuru nisimame nyuma ya darasa mpaka kengele igonge. Nikasimama. Nikalala nikiwa nimesimama, bega limeegemea ukuta.

Homa ilikuja Jumatano jioni. Kwanza baridi, ile ya kugonganisha meno huku jua linawaka, halafu joto, halafu jasho lililolowanisha shuka. Zahanati walinitoboa kidole, wakapaka tone la damu kwenye kioo, wakatazama kwa darubini. Malaria. Hakuna aliyeunganisha usingizi wa Jumanne na vimelea vya Jumatano. Hata mimi sikuunganisha; niliamini kwamba Jumanne nilikuwa mvivu na Jumatano nikaugua, mambo mawili yaliyopishana mlangoni.

Aliyeunganisha ni bibi yangu, mzaa mama, kule Muheza, nilipokwenda likizo. Anayeijua Tanga anajua malaria ya Muheza ilivyokuwa miaka ile, na Bibi alikuwa ameuguza watoto na wajukuu mpaka hesabu ikampotea. Nilimsimulia kisa cha fimbo nikitarajia pole. Pole alinipa, kisha akasema, huku akiendelea kupepeta mchele wake: "Mwili ulishajua, mjukuu wangu. Ulikuwa unakuita ukalale."

Nimekaa na maneno hayo zaidi ya miaka ishirini. Mwili ulijuaje? Vimelea vilikuwa kwenye ini na kwenye damu, mbali na kichwa. Joto lilikuwa bado halijapanda. Nani alikwenda kumwambia ubongo kwamba huku chini kuna vita, na alipita njia gani? Mimi si daktari. Nimesoma tu, kwa ukaidi wa mtu aliyechapwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na nilichokikuta ni moja ya habari nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma kuhusu mwili wa binadamu.

Habari yenyewe inaanzia kwa mbwa. Mwaka 1909, huko Nagoya, Japani, mtafiti Kuniomi Ishimori aliwanyima mbwa usingizi kwa siku kadhaa, kisha akachukua rojo ya ubongo wao na kuwatilia mbwa wengine ambao hawakuwa na uchovu wowote. Mbwa hao wakalala. Miaka michache baadaye mjini Paris, René Legendre na Henri Piéron wakafanya jambo linalofanana na hilo, kwa maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Wazo lilikuwa moja: mtu akikesha, kuna kitu kinachojikusanya ndani yake, kama maji kwenye mtungi, na mtungi ukijaa analala. Basi kitafutwe kitu hicho.

Kilitafutwa kwa miongo. Miaka ya 1960 John Pappenheimer wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa akiwakesheza mbuzi na kukusanya maji ya ubongo wao. Yeye na wenzake, akina Manfred Karnovsky na James Krueger, baadaye wakahamia kwenye mkojo wa binadamu, maana mkojo hupatikana bila kumtoboa mtu kichwa. Walichuja maelfu ya lita. Nawaza maabara ile ilivyokuwa ikinuka, na subira ya watu wale, kuchuja pipa baada ya pipa ili kupata kitu kisichofika hata kuonekana kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikipata. Kilikuwa ni kipande kidogo kiitwacho peptidi ya muramili.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilisimama nikaweka kitabu chini. Peptidi ya muramili ni tofali la ukuta wa bakteria. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza. Watu walikwenda kutafuta dawa ya usingizi ambayo ubongo unajitengenezea, wakarudi wameshika kipande cha mdudu. Sungura wakitiliwa kiasi kidogo mno cha kipande hicho walilala usingizi mzito kwa saa kadhaa, na wakapata homa pia.

Kilichofuata ni kuuliza kwa nini kipande cha bakteria kilaze mnyama. Jibu lilipatikana upesi kwa kadiri ya mambo ya sayansi yanavyokwenda. Seli za kinga, zile chembe nyeupe zinazozunguka mwilini na nyingine zilizotulia kwenye ini na wengu, zikigusana na kipande kama hicho hutoa kemikali ziitwazo saitokini. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Saitokini ndiyo mbiu yenyewe: seli moja inapiga, za jirani zinasikia, zinapiga na zenyewe, na eneo zima linaamka. Mbili kati yake zimesomwa kuliko nyingine zote kwa upande wa usingizi, intalukini-1 na TNF. Mwaka 1984 Krueger na wenzake walionyesha kwamba intalukini-1 peke yake, bila bakteria wala kirusi wala kimelea, inatosha kumlaza sungura.

Malaria nayo inaingia hapohapo. Mbu akishakuuma, vimelea hukimbilia ini na kujificha humo wiki nzima hivi, kimya, bila dalili. Kisha humwagika kwenye damu, huingia ndani ya chembe nyekundu, hula, huzaana, na chembe hupasuka. Kwa aina ya malaria inayotusumbua zaidi, mzunguko huo huchukua kama saa 48. Kila chembe zinapopasuka, taka za vimelea hutapakaa kwenye damu, na seli za kinga za ini na wengu zikizigusa zinapiga mbiu.

Lakini mbiu imepigwa tumboni. Ubongo uko juu, nyuma ya ukuta.

Ukuta huo si maneno ya kupamba. Mishipa ya damu inayopita ndani ya ubongo imeshonwa kwa karibu sana, na mambo mengi yaliyomo kwenye damu hayapiti. Saitokini ni molekyuli kubwa. Kwa miaka mingi watu waliuliza: kama intalukini ya tumboni haiwezi kuingia ubongoni kwa wingi, usingizi unatoka wapi? Kuna sehemu chache ambapo ukuta ni mwembamba, na habari hupenya hapo. Pia kuta za mishipa ya damu zenyewe zikisikia mbiu hutengeneza kwa upande wa ndani kemikali nyingine, prostaglandini, ambazo hupandisha joto. Ndizo hizo panadol inazozipunguza. Njia hizi zipo na zinafanya kazi. Ila zinahitaji mbiu iwe imeshakuwa kubwa, damu nzima iwe imejaa kelele. Jumanne yangu haikuwa hivyo. Jumanne yangu ilikuwa mnong'ono.

Mnong'ono hupita kwenye waya.

Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye shina la ubongo, kulia mmoja na kushoto mmoja, ukateremka shingoni ukiambatana na mshipa mkubwa wa damu, ukagusa moyo, mapafu, ukapita kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ukasambaa kwenye tumbo la chakula, ini na matumbo. Jina lake la kitabibu ni vagasi, neno la Kilatini lenye maana ya mwenye kutangatanga, na kwa kweli hakuna mshipa wa fahamu wa kichwani unaotembea mbali kama huu. Sisi wengi tuliufundishwa shuleni kama mshipa wa kutoa amri, unaoutuliza moyo na kulisukuma tumbo. Kumbe nyuzi zake nyingi, karibu nne katika kila tano, hazishuki na amri. Zinapanda na habari.

Njiani, hasa karibu na ini na kwenye matawi ya tumboni, mshipa huu una vifundo vidogo vidogo vya seli. Mwaka 1997 watafiti wa Colorado walionyesha kwamba vifundo hivyo vina mahali pa kuipokea intalukini-1. Vimekaa palepale zilipo seli za kinga, kama mtu aliyeweka kibanda chake kando ya kituo cha daladala ili asikie kila kinachosemwa. Mbiu ikipigwa, hata kwa sauti ndogo, vifundo vinaipata, uzi unashtuka, na umeme unapanda hadi shina la ubongo. Haihitaji kusubiri damu ijae.

Walithibitishaje? Kwa kukata. Madaktari wa upasuaji walikuwa na uzoefu wa kuukata mshipa huu tangu miaka ya 1940, wakitibu vidonda vya tumbo kabla dawa za leo hazijapatikana. Katikati ya miaka ya 1990 vikundi kadhaa, akina Robert Dantzer huko Bordeaux na Linda Watkins na Steven Maier huko Boulder, Colorado, waliukata kwa panya chini ya kiwambo, wakawaacha wapone, kisha wakawatilia tumboni intalukini au vipande vya bakteria. Panya wa kawaida akitiliwa hivyo hujikunja pembeni, haendei chakula, hamjali mwenzake. Panya aliyekatwa mshipa aliendelea na mambo yake kwa kiasi kikubwa, ingawa damu yake ilikuwa na kemikali zilezile. Mwaka 1997 Krueger, yuleyule wa mapipa ya mkojo, pamoja na Hansen, walipima usingizi wenyewe. Kwa kiasi kidogo cha intalukini-1, panya mzima alilala kupita kawaida yake. Aliyekatwa vagasi hakulala hivyo. Kiasi kilipoongezwa sana, ile tofauti ilipungua, kwa sababu kelele zikizidi habari hufika ubongoni kwa njia nyingine pia.

Kwangu mimi tofauti hiyo ya kiasi ndiyo kiini cha jambo zima. Waya ni wa habari za mapema.

Ukishapanda, ujumbe hufikia kituo cha kwanza kwenye shina la ubongo, kisogoni, na kutoka hapo hupelekwa mpaka haipothalamasi, mahali ambapo usingizi na joto la mwili hutawaliwa na seli zinazokaribiana sana. Mwaka 2022 maabara ya Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ilizitambua baadhi ya seli za kituo kile cha kwanza. Walipoziwasha wenyewe katika panya wasio na ugonjwa wowote, panya wale waliacha kula, wakaacha kunywa, wakatulia. Walikuwa na sura yote ya mgonjwa bila ugonjwa. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria Bibi na neno alilopenda kulitumia, kunyong'onyea. Hilo neno tunalitumia kama hali inayompata mtu, kama vumbi linavyompata mtu njiani. Kumbe ni kitu kinachoamriwa, na kina mahali pake kisogoni.

Koo nalo lina mshipa wake. Mwaka 2023 maabara ya Stephen Liberles, Harvard, ilionyesha kwamba panya akipata mafua makali ya influenza, kundi dogo la nyuzi zinazotoka sehemu ya nyuma ya koo huzinusa prostaglandini zinazotoka kwenye njia ya hewa iliyoathirika na kuupelekea ubongo habari. Panya walioondolewa nyuzi hizo waliendelea kula na kunywa vizuri zaidi, na waliookoka walikuwa wengi zaidi.

Nilitaka kuiruka habari hii, kwa sababu inaliharibia utamu dai langu. Ningependa kusema kwamba kila amri ya ugonjwa ni hekima tupu. Kulala, kukosa hamu ya kula, kujitenga, vyote dawa. Sivyo. Amri hizi zilitungwa kwa mazingira ya kale, kwa wastani wa hatari nyingi, na kwa ugonjwa fulani zinaweza kupita kiasi. Mtoto wa homa anayekataa uji kwa siku tatu anaumia. Bibi hakuwahi kusoma karatasi hata moja ya sayansi, lakini alitulaza na bado alitulazimisha uji wa ndimu kwa kijiko, kijiko kimoja, tunatema, kijiko kingine.

Upande wa usingizi, hata hivyo, ushahidi unaegemea kwake kwa nguvu. Homa ni gharama. Kila nyuzi moja ya joto ikiongezeka, mwili hutumia nguvu kama sehemu moja ya kumi zaidi, au hata kuzidi hapo kidogo. Mtu akilala misuli imelegea, hatembei, hafikiri hisabati, nguvu inaelekezwa penye vita. Linda Toth, akifanya kazi na Krueger na wenzao, alikusanya rekodi za usingizi za sungura waliokuwa wameambukizwa vijidudu mbalimbali, na mwaka 1993 wakatoa matokeo: sungura waliolala sana na kwa muda mrefu baada ya kuambukizwa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko wale ambao usingizi wao uliongezeka kidogo tu kisha ukakatika. Ni kweli kwamba sungura mgonjwa sana huenda alikosa usingizi kwa sababu alikuwa anakufa tayari, na watafiti wanalijua hilo. Lakini kuna upande wa binadamu pia. Mwaka 2003, Lübeck, Ujerumani, Tanja Lange na wenzake waliwapa vijana chanjo ya homa ya ini aina ya A. Baadhi wakalala usiku ule kama kawaida, wengine wakakeshezwa. Usiku mmoja tu. Wiki nne baadaye, waliolala walikuwa na kingamwili karibu mara mbili ya waliokesha.

Mara mbili, kwa usiku mmoja. Huwa narudia takwimu hiyo nikisikia kiongozi wa ofisi anayejisifu kwamba wafanyakazi wake huja kazini hata wakiwa na homa.

Sasa nirudi kwenye Jumanne yangu, maana kuna utafiti mmoja ulionifanya nilie, na sioni haya kulisema. Miaka ya 1990 mjini Munich, Thomas Pollmächer na wenzake waliwatilia wanaume wenye afya kipande cha ukuta wa bakteria, kilichosafishwa, kwa vipimo mbalimbali. Kipimo kikubwa kilileta homa na kikaukatakata usingizi: wanaume wakageuka kitandani, wakaamka, wakasinzia, wakaamka. Hilo kila aliyewahi kuugua malaria analijua. Usiku wa Jumatano ile nililala kwa dakika dakika, naweweseka, naona ukuta wa bweni unanijia. Ndoto zenyewe hukatika kwa sababu inayoeleweka. Katika usingizi wa ndoto mwili huacha kutetemeka na karibu huacha kulitawala joto lake, na mwili unaotaka kupandisha homa hauwezi kukubali kuacha kutetemeka, kwa hiyo usingizi wa ndoto hubanwa.

Lakini kipimo kidogo sana kilifanya jambo jingine kabisa. Joto la mwili halikupanda. Moyo haukwenda mbio. Saitokini ziliongezeka kidogo kwenye damu, na usingizi mzito, ule usio na ndoto, ukaongezeka. Mtu hana homa, hana dalili yoyote ya kuonyesha, ana usingizi tu.

Kwa ninavyoelewa mimi, Jumanne nilikuwa na vimelea vichache, mbiu ya chini, na nyuzi za tumboni zimeshaisikia. Jumatano chembe nyingi zikapasuka kwa pamoja, kipimo kikawa kikubwa, homa ikaja na usingizi ukakatika. Kwa hiyo saa niliyochapwa ndiyo ilikuwa saa pekee ya ugonjwa ule ambayo mwili wangu ungeweza kulala vizuri. Sijui mwalimu yule yuko wapi. Hakuwa mtu mbaya, na kwa ulimwengu aliokuwamo usingizi wa mwanafunzi ulikuwa na tafsiri moja tu. Nasema tu kwamba tafsiri ile ilikuwa na makosa, na bado inatumika darasani, viwandani, hata majumbani kwa binti wa kazi anayesinzia jikoni saa nane mchana na kuambiwa mzembe kabla hajaulizwa anajisikiaje.

Waya huo, kwa kuongezea, hauendi upande mmoja. Kevin Tracey na wenzake, kule Long Island, New York, walionyesha mwaka 2000 kwamba mshipa uleule wa vagasi ukishtuliwa kwa umeme hupunguza TNF inayotolewa mwilini. Ubongo ukishapata habari una njia ya kushuka na kusema: inatosha, punguzeni. Tangu hapo umekuwepo mwelekeo mzima wa tiba wa kuushtua mshipa huu kwa vifaa vidogo kwa wagonjwa wa viungo wenye uvimbe wa kudumu. Pia limezuka soko la mitandaoni la kuuza "mazoezi ya vagasi" kwa kila shida, kuanzia wasiwasi hadi kitambi. Hilo sitaligusa zaidi ya kusema kwamba kuujua mshipa si sawa na kuuamuru.

Mtu wa kwetu akisikia ugonjwa na usingizi kwa pamoja hufikiri malale, na ni haki afikiri hivyo. Kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, malale iliua zaidi ya watu 200,000, na visiwa vizima vikahamwa. Lakini malale ni jambo jingine. Pale vimelea vinavyoletwa na mbung'o huvuka ukuta na kuingia ubongoni vyenyewe, vikavuruga saa ya mwili. Mgonjwa wa malale halali sana kuliko sisi ukijumlisha saa zote. Analala mchana na kukesha usiku, usingizi wake umevunjikavunjika. Huo si usingizi ulioamriwa na mwili kwa ajili ya kupona.

Tofauti ya namna hiyo Bibi aliijua kwa mikono. Aliheshimu usingizi wa homa, hakuruhusu mtu apige kelele karibu na mkeka wa mgonjwa, lakini hakuuamini kipofu. Kila baada ya muda alikuja na kikombe cha maji, akamgusa mtoto shavuni, akamwita kwa jina lake lote na la baba yake. Alitaka mambo matatu: macho yafunguke yamtazame, mdomo umjibu, na koo limeze maji. Akiyapata, alikufunika tena khanga na kuondoka. Nilidhani ni mapenzi tu.

Mwaka mmoja mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, alilala kutwa. Mama yake akasema mwache, homa imempumzisha. Bibi alikwenda kumtazama, akamwita, akamfinya sikio, akamfinya kwa nguvu zaidi. Mtoto hakufumbua macho. Bibi alipiga ukelele nisioujua kinywani mwake, na mjomba akampakia mtoto na mama yake kwenye baiskeli mpaka hospitali. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Chembe zilizojaa vimelea hung'ang'ania kuta za mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo na kuiziba, na huko si kulala tena, ni kupoteza fahamu. Mtoto yule aliwahiwa, akapona. Mzazi unayesoma hapa, mtoto mwenye homa asiyeamshika, au aliyeshikwa na degedege, au asiyeweza kunywa wala kunyonya, au anayetapika kila kitu, usimngojee apumzike. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Masika yaliyopita mwanangu wa miaka minane alirudi shule akapitiliza hadi kwenye kochi, hakuuliza chakula, hakutaka katuni. Paji lake lilikuwa na ubaridi wa kawaida. Zamani ningemwambia avue sare kwanza akaoge. Safari hii nilikaa pembeni yake nikamtazama anavyopiga miayo, moja baada ya nyingine, macho yamelegea, na nikahisi kitu kinanipanda kifuani, nusu hofu, nusu kitu kama heshima, kwa sababu nilijua kuna uzi mwembamba kuliko unywele uliokuwa ukizungumza ndani yake wakati ule. Nilimpeleka akapimwe jioni ileile. Kipimo cha haraka kilionyesha mistari miwili. Akaanza dawa mseto kabla homa haijapanda, ingawa saa tano ya usiku ilipanda kidogo.

Nikamlaza chumbani kwangu, nikazima taa, nikaweka maji ya dafu kando ya kitanda. Saa sita nikaenda, nikamgusa shavu, nikamwita kwa jina lake lote na la baba yake. Akafumbua macho. Akameza funda mbili. Saa nane nikaenda tena. Saa kumi nilipokwenda mara ya tatu alinitazama kwa hasira, macho mekundu lakini yananijua vizuri kabisa, akavuta khanga hadi mabegani.

"Mama," akasema, "niache nilale."

Nikamwacha.